Mila Zilizotoka kwa Dini Nyengine: Ipi Tuichukue na Ipi Tuiache?

Sifa zote njema ni za Allah (SWT), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), watu wa nyumba yake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad.

SWALI

Assalaam alaykum masheikh zetu. Nyumbani kwetu kumeingia mtihani. Bibi yetu kila Siku ya Mwaka huwapeleka wajukuu pwani alfajiri wakaoge, ili waondokewe na mabalaa ya mwaka uliopita. Dada yetu anafanya kazi hotelini, na kila ikifika Disemba wafanyakazi huvalishwa kofia nyekundu za Krismasi. Na mdogo wetu wa mwisho anaomba keki ya siku yake ya kuzaliwa kama wenziwe wa skuli. Kaka yetu anasema yote haya ni kujifananisha na makafiri, na mwenye kujifananisha na watu basi naye ni katika wao. Sasa hali chakula cha bibi wala haitikii salamu ya dada. Tunaomba mtufahamishe, je, yote haya hukumu yake ni moja?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Hukumu yake si moja. Katika hayo mliyoyataja lipo linalogusa tauhidi, lipo la kuepukwa, na lipo ambalo wanavyuoni wamekhitalifiana. Na hilo la kuacha kula chakula cha bibi na kuacha kuitikia salamu ya dada nalo lina hukumu yake, tutaieleza inshaallah.

Maswali ya namna hii yanatufikia mara kwa mara, Unguja na Pemba. Mmoja anauliza pete ya ndoa, mwengine shela jeupe la bibi harusi, mwengine shada la maua juu ya kaburi. Kwa hiyo badala ya kujibu moja moja tumeona tuweke mizani, ili kila familia iweze kupima jambo linapoingia nyumbani kwake.

Makosa mawili yanayotusumbua

Kosa la kwanza ni kufungua mlango wote. Husemwa kwamba dunia imebadilika, watu wote wanafanya, na muhimu ni moyo. Mwenye kusema hivi hatimaye hujikuta watoto wake wanajua nyimbo za Krismasi na hawajui takbira za Idi.

Kosa la pili ni kuufunga mlango wote, kila kisichoanzia kwetu kikaitwa ukafiri. Sisi ni watu wa visiwani. Kwa karne nyingi majahazi yamekuja na kaskazi na kuondoka na kusi, na yamebeba watu, bidhaa na desturi. Biriani na sambusa zimetufikia kutoka ng'ambo ya bahari. Neno leso tunalowaitia mama zetu nguo zao, na neno meza tunayolia chakula, yote mawili yametoka katika lugha ya Wareno, watu waliokuja pwani hii na misalaba yao. Lau asili ya kitu peke yake ingetosha kukiharamisha, nyumba zetu zingebaki tupu.

Basi suala ni kujua kitu kimetoka wapi, kisha kujua kimebeba nini.

Hadithi ya kujifananisha na maana yake

Hadithi anayoitaja kaka yenu imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Umar (RA). Maana yake ni kuwa anayejifananisha na watu huhesabiwa pamoja nao. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, katika kitabu chake Iqtidha as-Sirat al-Mustaqim alichokiandika makhsusi kwa mada hii, ameisifu isnadi yake. Ametahadharisha kwamba kwa uchache hadithi inaonesha uharamu wa kujifananisha. Lakini pia ameeleza kuwa inaweza kufahamika kwamba mtu huwa katika wao kwa kiasi cha lile aliloshabihiana nao. Likiwa ni kufuru, basi hukumu yake ni kufuru, likiwa ni maasi, basi ni maasi, na likiwa ni alama ya hayo, litahukumiwa kwa mujibu wake.

Tazameni maelezo haya yalivyo na uadilifu. Hadithi ni onyo zito, haifai kufanyiwa mzaha. Lakini haikuwafanya watu wote kuwa daraja moja. Ndiyo maana lazima tutazame namna Mtume (SAW) mwenyewe alivyoamiliana na mambo ya watu wa dini nyengine.

Mtume (SAW) alikataa nini na alikubali nini?

Kwanza, yapo aliyoyakataa. Waislamu walipohamia Madina walishauriana namna ya kuwaita watu kwenye sala. Wapo waliotaja kengele kama ya Manasara, na wapo waliotaja baragumu kama la Mayahudi. Hakikuchukuliwa hata kimoja. Allah (SWT) akauruzuku umma huu adhana, sauti ya mwanadamu inayotangaza tauhidi. Wito wa ibada haukuazimwa.

Vile vile Anas (RA) amesimulia kuwa watu wa Madina walikuwa na siku mbili walizokuwa wakicheza na kufurahi tangu zama za ujahili. Mtume (SAW) akawafahamisha kuwa Allah amewabadilishia siku mbili bora zaidi, Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufungua. Wafafanuzi wa hadithi wametaja kuwa moja katika siku mbili hizo ilikuwa Nairuzi, jina ambalo watu wa Unguja hawalioni geni.

Na walipokuwa wakielekea Hunayn, baadhi ya waliosilimu karibuni waliona mti ambao washirikina walikuwa wakiutundikia silaha zao kutafuta baraka. Wakaomba nao wawekewe mti kama huo. Mtume (SAW) alilitukia sana ombi hilo, akalifananisha na ombi la Wana wa Israili walipomtaka Nabii Musa awafanyie mungu. Hata hivyo hakuwatoa katika Uislamu. Aliwafundisha, na safari ikaendelea. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Waqid al-Laythi (RA).

Pili, yapo aliyoyachukua. Mwaka wa 5 Hijria, Madina ilipozingirwa, lilichimbwa handaki kwa ushauri wa Salman al-Farisi (RA). Ilikuwa ni mbinu ya vita ya Wafursi, na Wafursi wakati huo walikuwa wakiabudu moto. Alipotaka kuwaandikia wafalme akaambiwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri, akafanyiwa pete ya fedha iliyochongwa jina lake na utume wake. Na imepokewa kuwa alivaa juba la Kirumi lenye mikono ya kubana. Baada yake, Umar bin al-Khattab (RA) alianzisha madaftari ya serikali kwa utaratibu uliokuwa ukijulikana kwa mataifa mengine. Mbinu, zana, nguo na uendeshaji wa mambo ni katika hekima, na Muislamu haikimbii hekima.

Tatu, yapo aliyoyathibitisha kisha akayapambanua. Alipowakuta Mayahudi wa Madina wakifunga siku ya Ashura kumshukuru Allah kwa kuokolewa Nabii Musa, alifunga na akaamrisha ifungwe, kwa sababu sisi tuna haki zaidi kwa Musa. Kisha mwishoni mwa uhai wake alikusudia kufunga na siku ya tisa, ili funga yetu isiwe sawasawa na yao. Na masahaba walipoona uzito kukimbia baina ya Safa na Marwa kwa sababu washirikina walikuwa wakifanya hivyo kwa ajili ya masanamu yao, iliteremka aya ya 158 ya Suratul Baqara kuwaondolea wasiwasi. Asili yake ilikuwa ni ibada ya Allah. Masanamu yakaondolewa, ibada ikabaki.

Mizani ya maswali manne

Kutokana na hayo, jambo lolote linapotufikia tulipime kwa maswali manne, kwa mpangilio huu.

1. Je, ni ibada au itikadi? Ikiwa jambo lina maana ya kuabudu, kuomba, kutoa kafara, au kuamini kuwa kitu kinaleta kheri au kinaondoa shari bila ya Allah kukifanya kuwa sababu, basi mlango umefungwa. Hapa haliulizwi suala la nia nzuri. Ibada hatuziazimi.

2. Je, ni alama maalumu ya dini nyengine hivi leo? Msalaba shingoni ni alama, hata akisema aliyeuvaa kuwa ni pambo tu. Lakini alama hubadilika kwa zama. Ibn Hajar al-Asqalani, katika Fathul Bari, amelizungumza vazi la taylasan lililokuwa makhsusi kwa Mayahudi. Akaeleza kuwa katika zama zake halikuwa tena alama yao, hivyo limeingia katika mambo ya mubaha. Basi kitu kikishaenea kwa watu wote hata aliyekivaa hajulikani kwacho kuwa ni wa dini fulani, hukumu ya kujifananisha huondoka.

3. Je, ndani yake mna haramu kwa nafsi yake? Pombe, kukaa uchi, mchanganyiko usio na mipaka na israfu ni haramu, ziwe katika sherehe ya kizungu au katika harusi ya kwetu yenye udi na asumini.

4. Je, linafanywa kwa nini, na linawafundisha nini watoto? Lipo jambo ambalo kwa mtu mzima ni desturi tupu, lakini mtoto hujengeka nalo akaona kuwa sikukuu yake ni hiyo.

Tuyapime sasa mambo yaliyoulizwa.

Siku ya Mwaka na mizimu

Siku ya Mwaka, ambayo kwa watu wa Makunduchi inajulikana kama Mwaka Kogwa na husherehekewa kila Julai, inanasibishwa na Nairuzi ya Wafursi, na asili ya Nairuzi ni ya kabla ya Uislamu. Lakini hatuwezi kuihukumu yote kwa neno moja, kwa sababu imekusanya mambo mbalimbali.

Imo hesabu ya mwaka wa jua na miongo yake, ambayo wazee wetu wakulima na wavuvi waliitumia kujua majira ya kupanda na ya kusafiri. Hiyo ni elimu ya dunia, na hakuna ubaya. Kuna jamaa kurudi mjini kwao, kutembeleana na kula pamoja. Hayo ni kuunga undugu, ingawa kuunga undugu hakuhitaji siku hiyo. Lipo pigano la migomba linalosemwa kuwa linamaliza kinyongo cha mwaka mzima. Hiyo ni desturi, nayo hutazamwa kwa madhara yake: ikiwa mtu anaumizwa, au vinyongo vinazidi badala ya kwisha, haifai.

Mashaka yapo katika itikadi. Kuchoma kibanda ili balaa liondoke, kuamini kuwa nyumba isiyopata mgeni siku hiyo itapatwa na mkosi, na kuamini kuwa maji ya bahari ya alfajiri hiyo yanaosha nuhusi za mwaka ni kuvipa vitu uwezo ambao Allah hakuvipa. Aya ya 107 ya Surat Yunus inatufundisha kuwa dhara likimgusa mtu hakuna wa kuliondoa ila Allah, na kheri akiitaka kwa mja hakuna wa kuizuia. Kuoga baharini ni mubaha siku 365 za mwaka. Bibi akiwapeleka wajukuu kuoga wafurahi, hakuna neno. Akiwapeleka ili bahari iwaondoshee mabalaa, itikadi hiyo lazima irekebishwe.

Na tukilisema hili la Mwaka hatuwezi kulinyamazia lililo zito kuliko hilo. Wapo wanaopeleka ubani, vitambaa na chakula kwenye mapango na mibuyu ili mzimu ulinde watoto au ufungue riziki. Huku ndiko kumuomba asiyekuwa Allah. Inashangaza kumuona mzazi anayeikataza keki kwa sababu ni ya wazungu, naye mwanawe akiugua anampeleka pangoni kwa sababu ni mila ya wazee. Aya ya 170 ya Suratul Baqara imewalaumu watu waliofanya kufuata baba zao kuwa ndiyo hoja, hata kama baba hao hawakuwa na uongofu. Mizani ni moja, kwa kilichokuja na meli na kwa kilichorithiwa na babu.

Kofia ya Krismasi kazini

Krismasi ni sikukuu ya kidini. Kwa wenyewe ni siku ya kuzaliwa Nabii Isa (AS) wakimuitakidi kuwa ni mwana wa Mungu. Sisi tunamuamini Isa kuwa ni Mtume mtukufu aliyezaliwa na Maryamu bila ya baba, na itikadi hiyo ya kwao tunaikataa. Kofia nyekundu leo huvaliwa pia na wafanyabiashara wasiojali dini yoyote, lakini haivaliwi ila kwa sababu ya sikukuu hiyo. Kwa hiyo ni katika alama za sikukuu, na Muislamu aiepuke.

Dada yenu aanze kwa kuongea na mkuu wake wa kazi kwa adabu, aeleze kuwa dini yake haimruhusu, na apendekeze abaki na sare yake ya kawaida. Kumhudumia mgeni chakula cha halali siku hiyo si kusherehekea naye. Akikataliwa, na riziki ya watu wake iko katika kazi hiyo, basi avae kwa chuki ya moyo na kwa muda ule ule aliolazimishwa, asiongeze kwa hiari yake picha wala furaha, na huku anatafuta mahali pengine. Dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mwenye hali hii anahitaji watu wa nyumbani wamsaidie kutafuta kazi, na kumnunia hakumpatii.

Na tunawaomba Waislamu wenye hoteli na wasimamizi wake walizingatie hili. Mfanyakazi anayeswali na anayeogopa kugusa haramu ndiye huyo huyo anayekutunzia mali yako.

Keki ya siku ya kuzaliwa

Hapa wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Wapo wanaokataza kwa hoja kuwa siku inayorudi kila mwaka kwa sherehe imekuwa kama Idi, na Idi zetu ni mbili. Wapo wanaoiona ni katika ada, kwani haifanywi kama ibada wala haimtambulishi mtu kwa dini yoyote, na asili ya ada ni kuruhusiwa. Kila upande una hoja yake, na haifai mmoja kumkufurisha mwenzake.

Tunachokichagua na kuwanasihi ni hiki. Anayeiacha kabisa yuko salama zaidi. Anayetaka kumfurahisha mtoto kwa chakula na dua asiifanye kuwa lazima ya kila mwaka, wala asikope kwa ajili yake. Aache mishumaa na lile la kunuia jambo kisha kuizima kwa pumzi ili litimie, kwani hilo limeingia katika itikadi, na sisi haja zetu tunampelekea Allah. Na mtoto afundishwe kuwa Mtume (SAW) alipoulizwa kuhusu funga ya Jumatatu alitaja kuwa ndiyo siku aliyozaliwa, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Abu Qatada (RA). Neema ya kuzaliwa inashukuriwa kwa utiifu.

Pete, shela na shada la maua

Pete ya ndoa: mwanamme hafai kuvaa dhahabu kwa hali yoyote. Pete ya fedha ni halali kwake. Lakini asiitakidi kuwa pete ndiyo inayowafunga au kwamba ikivuliwa mapenzi yanakwisha. Kinachofunga ndoa ni walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, na mke ana haki ya mahari yake.

Shela jeupe: rangi na mshono ni ada, na nguo nyeupe ni katika nguo zetu. Sharti ni stara. Gauni jekundu linaloonesha mwili mbele ya wanaume ajinabi ni haramu kama lilivyo jeupe.

Shada la maua, mishumaa kaburini na kusimama kimya kwa dakika moja: haya ni katika taratibu za mazishi za watu wengine, na mazishi ni mlango wa ibada. Yaachwe. Tunacho kilicho bora: kumswalia maiti, kumuombea, kumlipia madeni, kumtolea sadaka, kuwapikia wafiwa chakula. Fedha ya shada ikilipa deni la marehemu, imemfikia.

Kutendeana wema si kuchanganya dini

Tusije tukafahamika vibaya. Kukataa kuazima ibada za watu hakumaanishi kuwakata. Aya ya 8 ya Suratul Mumtahina inaeleza kuwa Allah hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita katika dini wala kututoa majumbani mwetu. Asmaa binti Abu Bakr (RA) alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, na Mtume (SAW) akamuamrisha aunge naye undugu. Abdullah bin Amr (RA) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, jambo aliloliuliza lilikuwa kama jirani yao Myahudi amepelekewa sehemu yake. Na jeneza la Myahudi lilipopita Mtume (SAW) alisimama, akawakumbusha waliostaajabu kuwa nayo ni nafsi.

Basi jirani yako Mkristo akiugua mtembelee, akifiwa mpe pole, Idi ikifika mpelekee chakula. Akikualika kwenye ibada yake mwambie kwa uso mkunjufu kuwa hiyo ni dini yako nami nina yangu, kama tunavyosoma kila siku katika Suratul Kafirun. Jirani muungwana huheshimu msimamo ulio wazi.

Neno kwa kaka

Ghera yako juu ya dini tunaithamini, na katika jambo la itikadi ya bibi asili ya unalolikhofia ni sahihi. Lakini umevuka mpaka katika mambo mawili.

La kwanza ni kuhukumu watu badala ya vitendo. Ibn Hajar al-Haytami, katika wanavyuoni wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi katika karne ya 10 Hijria, aliulizwa kuhusu Waislamu wanaowafuata makafiri katika baadhi ya sikukuu zao. Swali lilitaja hata kula ndizi zilizopikwa kwa sukari, kuwavisha watoto nguo za rangi, na kupeana vitu baina ya mwajiri na mwajiriwa. Akagawa hukumu mafungu matatu. Mwenye kukusudia kujifananisha nao katika alama ya ukafiri wao amekufuru. Mwenye kukusudia sherehe yao tu, bila ya ukafiri, hakukufuru lakini amepata dhambi. Na asiyekusudia kujifananisha kabisa hana juu yake kitu. Akiwa faqihi wa daraja hiyo ameuliza nia kabla ya kutoa hukumu, sisi tuna haki gani ya kumhukumu bibi bila hata kumuuliza?

La pili ni kususa. Chakula cha bibi ni halali, na salamu ya Muislamu ni haki ya kuitikiwa. Aya ya 15 ya Surat Luqman inazungumzia wazazi wanaomlazimisha mtoto wao kumshirikisha Allah. Katika hali hiyo nzito inaamrisha asiwatii katika shirki, na papo hapo aishi nao duniani kwa wema. Bibi yako hajakulazimisha shirki. Amekupikia. Na Nabii Ibrahim (AS) alipomlingania baba yake aliyekuwa akiabudu masanamu, katika Surat Maryam alimwita kwa jina la ubaba mara nne, kila mara kwa upole.

Rudi ukale naye. Kisha siku moja mpole, muulize ni nini anachokikhofia juu ya wajukuu zake. Aghlabu utakuta ni maradhi, husuda, bahari iliyowahi kuchukua mtu. Hofu hiyo ni ya kweli na inahitaji pa kwenda. Mtume (SAW) hakuwaondolea watu wa Madina siku zao mbili akawaacha mikono mitupu, bali walipewa zilizo bora. Nawe mpe bibi badala yake. Mfundishe, au mfundishane, nyiradi za asubuhi na jioni, Ayatul Kursiyyu, Suratul Ikhlasi na Muawwidhatayni asomee wajukuu kila jioni. Mtolee sadaka kwa niaba yao. Mpeleke yeye na watoto viwanja vya sikukuu siku za Idi, wavae vizuri, waonjeshwe kuwa furaha yetu nayo ni furaha. Nyumba ambayo Idi yake ina ladha, watoto wake hawatamani sana za watu.

Hitimisho

Kwa ufupi: ibada na itikadi haziazimwi. Alama za dini nyengine zinaepukwa. Mbinu, elimu, chakula na nguo asili yake ni halali maadamu hazina haramu ndani yake. Kilichorithiwa kwa wazee kinapimwa kwa mizani ile ile ya kilichotoka ugenini. Kitendo kinahukumiwa kwa elimu, na mtu ananasihiwa kwa upole. Palipo na khitilafu ya wanavyuoni, tusivunje nyumba kwa ajili yake.

Tunamuomba Allah (SWT) atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Azilinde nyoyo za watoto wetu, awape wazee wetu mwisho mwema, na azikusanye familia zetu juu ya tauhidi na mapenzi. Amin.

Wallahu a'lam.